Zoezi la Mkono wa Kushoto

Mabira, Kyerwa
3 Julai 2025

Mjukuu wangu Kemigisha,

Nimekuficha jambo kwa miaka ishirini na moja. Siku baba yako Lameck alipouawa, sikuwa Kayanga kwenye mkutano wa walimu kama nilivyokwambia, na kama nilivyoliambia baraza la kijiji na polisi. Nilikuwa hapa. Nilikuwa hatua arobaini kutoka kwake, ndani ya migomba, na niliona kila kitu.

Naandika kwa sababu sauti imekwisha. Uvimbe wa koo umefunga njia. Hata uji unapita kwa kubembelezwa. Daktari alikuwa akinitajia miezi, sasa anataja majuma. Restuta, mpwa wangu wa Igurwa anayenitunza, atapiga picha kurasa hizi akutumie kwa simu. Najua uko Ureno kwenye mashindano ya piano na nilitaka kungoja umalize. Lakini kungoja ndiko kulikonifikisha hapa.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio, Julai kama hii. Wakati ule Mabira ilikuwa bado wilaya ya Karagwe. Wezi walikuwa wametuchosha. Kahawa iliyoanikwa ilichukuliwa pamoja na turubai lake. Mbuzi wa mjane mmoja walichinjwa zizini, ngozi zikaachwa mlangoni kwake. Mkutano wa kijiji uliazimia kwamba mwizi ajaye hatafika polisi. Katibu wa mkutano ule nilikuwa mimi, na maneno yale yako daftarini kwa mwandiko wangu huu unaousoma.

Saa tisa alasiri enduru, lile yowe la kuita watu, ilipigwa. Uliondoka kwetu ukiwa mdogo, huenda umesahau sheria yake. Anayeisikia enduru huacha alicho nacho mkononi, isipokuwa kama ni silaha. Huiitikia kwa sauti yake ili wa mbali nao wasikie. Kisha hukimbilia ilikotoka. Asiyetoka huhesabiwa mwenzake mwizi. Watu walikuja kutoka gulioni mbio, wengine na mizani mkononi.

Walimkuta baba yako akitoka dirishani mwa kanisa, mguu mmoja nje, mmoja ndani. Panga la kwanza lilimpata begani. Baada ya hapo sikuweza kuhesabu. Mipini ya majembe, mawe, fimbo za kuchungia ng'ombe. Alikuwa akitaja jina lake, "Ni mimi Lameck, ni mimi Lameck," kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua kuna watu. Mmoja akasema mikono ndiyo iliyoiba. Wakamlaza kifudifudi kwenye ngazi ya kanisa, wakavishika viganja, wakavunja vidole kimoja kimoja kwa jiwe lile la kuzuilia mlango. Nilihesabu hadi saba. Hapo mtu akasema, "Acha, huyu amekwisha kwenda," nao wakaacha.

Kaka yako Mwesiga alikuwa na miaka kumi. Alifika watu wakifuta mapanga kwa majani ya migomba. Wewe ulikuwa na miaka minne, umelala kwa mama yako.

Nimekufundisha muziki kwenye kinanda cha kanisa lile lile, na kila Jumamosi ulipita juu ya ngazi ile. Hukuwahi kuniuliza nilikuwa wapi, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kukujibu.

Mwalimu wako,
Melkiory Rwegasira


Coimbra, Ureno
6 Julai 2025

Shikamoo Mwalimu,

Nimeandika shikamoo nikaifuta, nikaiandika tena. Umri wako bado ni umri wako.

Barua yako niliisoma asubuhi ya raundi ya kwanza, kwenye ngazi za nyuma za ukumbi, nikiwa na namba kumi na saba kifuani. Tuko thelathini na wawili. Tunapewa dakika kumi kuchagua piano moja kati ya tatu, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani: unagonga hapa, unasikiliza pale. Nilichagua ile kubwa nyeusi yenye sauti nzito. Nilipofika katikati ya kipande cha mwisho nilikuwa naona mkono wa mtu ukishikwa juu ya jiwe, na nikapiga kwa nguvu hadi waya ukakatika. Uliruka kwa mlio kama wa bunduki. Fundi alikuja na koleo mbele ya watu wote, akautoa, nikaendelea. Damu ilikuwa imetoka chini ya ukucha, ikabaki kwenye vibao vyeupe. Msichana wa Korea aliyenifuata ilibidi avifute kwa leso yake. Nimepita. Mama mwenye nyumba niliyofikia anasema majaji wanapenda watu wakali. Kisha akanipa supu ya samaki.

Raundi ya pili kila mmoja anacheza pia kipande kifupi kutoka kwao. Sikuwa na shaka cha kuchagua. Unalikumbuka lile zoezi la mkono wa kushoto ulilonifundisha nikiwa na miaka saba? Nimelirefusha, sasa ni dakika nne. Fomu inataka jina la mtungaji na mwaka. Nimeandika Melkiory Rwegasira, Mabira, Tanzania. Mwaka nimeuacha wazi. Ni lini ulilitunga?

Nakumbuka pia rula. Hukuwahi kunichapa kwa kukosea kitu kingine chochote, wala nyimbo za kanisa wala Bach. Zoezi lile tu. Nikiliacha liyumbe kidogo, rula ilishuka kwenye vidole. "Nyoosha, Kemigisha. Nyoosha." Hadi leo kidole changu cha nne kinauma kabla ya mvua.

Sasa niambie yale ambayo barua yako imeyaruka. Baba aliingia kanisani kuiba nini? Na nani alipiga enduru? Ulikuwa migombani, uliona kila kitu, basi hata hilo uliliona. Mwesiga tangu utotoni anasema ni mzee Cleophace. Mama alikufa akisema hivyo hivyo. Mwesiga yuko nyumbani kwa msimu wa kahawa; kila siku anapita mbele ya nyumba ya Cleophace, na Cleophace anamsalimia.

Sitakuuliza kwa nini hukutoka migombani. Hilo nitakuuliza nikifika.

Kemigisha


Mabira
9 Julai 2025

Mjukuu wangu,

Hutanikuta. Uliza tu kwa barua.

Kuhusu fomu: acha ilivyo. Mwaka andika 2004.

Baba yako hakukutwa na kitu mikononi wala mfukoni. Hilo watu waliligundua baadaye, walipomgeuza, na ndipo wakaanza kutawanyika mmoja mmoja, kila mtu akikumbuka kazi aliyoiacha. Aliingia kwa dirisha kwa sababu ufunguo alikuwa amenyang'anywa. Alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza wa kinanda, na kwa miaka sita ndiye aliyekipiga ibadani. Kisha akaanza kupiga mlio wa enanga ya babu yake kwenye kinanda cha kanisa, ile ya nyuzi ambayo wazee waliimbia vita na mizimu. Nilimwonya mara mbili. Mara ya tatu baraza la wazee wa kanisa lilimvua kazi. Mwenyekiti wa baraza nilikuwa mimi. Aliweka ufunguo mezani akasema, "Mwalimu, Mungu alikuwa anatuelewa kabla ya kinanda kuja." Wazee walicheka. Mimi sikucheka. Huenda siku ile alitaka tu kukiona kinanda tena.

Kuhusu enduru: ilitoka kibanjani mwa Cleophace, shamba lake la migomba lililopakana na uwanja wa kanisa. Hilo ni kweli, na kila aliyekuwa gulioni atakwambia. Kweli pia kwamba panga la kwanza, lile la begani, lilikuwa la Cleophace. Desturi inamtaka aliyeanzisha enduru ajitokeze mbele ya kijiji aseme aliona nini. Hakuna aliyejitokeza. Cleophace alipoulizwa alisema, "Niliitikia, sikuanzisha." Watu wakamjibu kwamba sauti ilitoka kwenye migomba yake, na migomba haina koo. Tangu siku hiyo hakuna aliyekunywa rubisi kutoka kwenye kibuyu chake.

Usimpe Mwesiga barua hii. Hasira yake unaijua.

Cheza vizuri. Nyoosha mgongo, mabega yashuke.

Mwalimu wako,
Melkiory


Coimbra
13 Julai 2025

Shikamoo Mwalimu,

Nimeingia fainali. Tumebaki sita. Tutacheza na okestra Jumamosi tarehe kumi na tisa. Mimi ni wa tatu.

Zoezi lako ndilo lililonipitisha, kila mtu anasema hivyo. Nilianza kama ulivyonifundisha, limenyooka kama mstari wa rula. Lakini nilipofika mara ya pili mkono ulikataa. Ukayumba kule kule ulikokuwa ukinichapia. Niliuacha. Nilikuwa na hasira na wewe, nikasema moyoni, leo hayupo wa kunichapa. Ukumbi ulikuwa kimya mpaka nikasikia kiti kikilia. Baada ya hapo jaji mmoja mzee alinifuata kwenye korido akauliza, "Huyu Rwegasira ni nani? Ana vitu vingine?" Nikamwambia ni mwalimu wa shule ya msingi aliyenichapa vidole. Akacheka, akadhani ni mzaha. Jina lako limechapwa kwenye kijitabu cha tamasha. Nakuletea nakala.

Mwalimu, ile barua nimempa Mwesiga. Umesema nisimpe, lakini aliyekufa ni baba yake pia, na yeye ndiye aliyemwona akiwa bado wa moto. Nilimtumia picha za barua zako zote mbili, ya tarehe tatu na ya tarehe tisa. Usiku akaandika: "Miaka yote waliniambia mimi ni mtoto, sikuona vizuri. Sasa Mwalimu mwenyewe ameandika, ametia sahihi." Nilimwomba asifanye kitu hadi nirudi. Akasema, "Wewe cheza piano yako, dada. Kila mtu na kazi yake."

Sijalipenda jibu hilo. Tafadhali mwite uongee naye. Samahani, nimesahau. Basi mwandikie.

Kemigisha


Mabira
16 Julai 2025

Mpendwa Kemigisha,

Habari za huko. Ni mimi Restuta naandika, Mzee hajui. Simu yako haipatikani na pengine ni vizuri, maana haya ni heri kuyasoma umekaa.

Jumatatu asubuhi kaka yako aliingia kwa mzee Cleophace na panga la kufyekea. Alianzia barabarani. Alikata migomba yote, yenye mikungu na isiyo na mikungu, mstari kwa mstari hadi mlangoni pa nyumba. Sisi tulisimama barabarani. Dada, kukatiwa migomba si mchezo, unajua mwenyewe. Ni kumwambia mtu kwamba hapa hapakuwa na watu. Maji ya migomba yalikuwa yanatiririka mpaka kwenye mtaro.

Cleophace akatoka na mkongojo wake. Mzee wa miaka sabini na tano. Hakupiga kelele. Akamwambia, "Mwana wa Lameck, kata. Ndizi huota tena."

Mwesiga akamjibu, "Na mkono, unaota?"

Akauvuta mkono wa kulia wa mzee akauweka juu ya gogo la mgomba aliouangusha, akaukata. Hakukata mara moja. Mara ya kwanza haukuachana. Mimi niliangalia pembeni, lakini sauti niliisikia. Placida, jirani, alivua kitenge akafunga pale palipobaki, wakampakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili mpaka hospitali. Yuko hai.

Hakuna aliyepiga enduru. Watu wote wale barabarani, hakuna aliyefungua mdomo. Tuliogopa kuianzisha.

Mwesiga amekimbilia Kituntu kwa rafiki yake dereva mwenzake. Polisi wanamtafuta. Amemtumia salamu mke wa Cleophace: mumewe akitoka hospitali, atamalizia alichobakiza, na asipotoka kufikia Jumamosi, atamfuata wodini. Anakusikiliza wewe tu, sisi ametufungia simu.

Mzee amekataa uji tangu Jumatatu. Anaandika, anachana, anaandika. Chini ya kitanda pamejaa vipande. Kemigisha, ulimtumia kaka yako nini? Mimi huwa napiga picha tu, sisomi. Kiswahili cha Mzee ni kirefu. Lakini sasa nimeanza kuogopa hii simu yangu.

Wako,
Restuta


Coimbra
17 Julai 2025

Mwalimu,

Nimempata Mwesiga kwa simu. Anaongea taratibu kama mtu aliyeshiba. Amesema, "Vidole saba, dada. Mimi nimechukua vitano tu. Bado viwili." Nikamwambia hata Cleophace ana wajukuu. Akasema, "Na mimi nilikuwa mwana wa mtu."

Nimesoma barua zako tena na tena. Umeandika enduru ilitoka kibanjani mwa Cleophace. Hujaandika popote kwamba Cleophace aliipiga. Wewe ulinifundisha kusoma kila noti, na kila mahali palipoachwa kimya. Hapo pana kimya.

Nijibu kwa neno moja. Kama ni yeye, nitamwambia Mwesiga ajisalimishe, na nitasimama karibu naye mahakamani bila aibu. Kama siye, niambie sasa hivi, usingoje fainali, usinihurumie. Mimi ndiye niliyempa Mwesiga lile panga.

Kemigisha


Mabira
18 Julai 2025

Kemigisha,

Neno uliloomba ni hili: siye.

Mpigie Mwesiga, mwambie hilo kwanza. Kisha rudi usome yaliyobaki.

Enduru niliipiga mimi. Mkutano wa Kayanga ulivunjika mapema, nikarudi kwa baiskeli, nikashika njia ya mkato inayopita katikati ya migomba ya Cleophace. Dirisha la kanisa lilikuwa wazi na ndani mlikuwa na mtu. Niliipiga nikiwa ndani ya migomba ile. Ndiyo maana kijiji kizima kilisikia ikitoka kwa Cleophace, na ndiyo maana niliweza kukuandikia maneno ya kweli yaliyobeba uongo. Nilijua utayasoma vipi. Sikujua utampa Mwesiga. Lakini nilipoandika "usimpe", nadhani nilijua hata hilo.

Cleophace alikuwa nyuma ya nyumba akikata majani ya mbuzi. Panga lilikuwa tayari mkononi. Aliitikia kama desturi inavyotaka, akakimbia, akamkuta mtu anatoka dirishani amempa mgongo. Alikata mara moja. Yule mtu akageuka, na Cleophace akalitupa panga migombani. Lilianguka karibu na mguu wangu. Akamlalia baba yako mwili mzima, akilia, "Ni Lameck, ni mwenzetu, acheni." Watu waliotoka gulioni hawakusikia. Walimvuta kwa miguu, wakamvunja mbavu, wakadhani amezidiwa na hasira. Waliofika mwisho, na Mwesiga miongoni mwao, walimwona ametapakaa damu tangu shingoni. Hakuwahi kueleza zaidi ya maneno yale mawili, niliitikia, sikuanzisha. Alikuwa amekata kweli, na aliona hana haki ya kusema zaidi.

Mimi nilikuwa na sauti wakati ule. Unaikumbuka. Ilikuwa ikiongoza kwaya ya watu sitini uwanjani bila kipaza sauti. Neno moja kutoka migombani lingetosha. Nilishika shina la mgomba kwa mikono miwili, nikahesabu vidole. Walipotawanyika nilizunguka kwa nyuma, nikangoja hadi jioni, nikaingia kijijini nikiendesha baiskeli kama mtu atokaye mbali. Nikashuka, nikauliza, "Kuna nini?" Kesho yake niliongoza nyimbo za maziko. Miaka miwili baadaye nilimwomba mama yako anikabidhi wewe nikufundishe. Alinishukuru amepiga magoti.

Jana Restuta alikwenda hospitalini na chupa ya uji. Cleophace alimwambia, "Mwambie Mwalimu aniombee. Umebaki wa kushoto, nitajifunza kula upya." Kisha akamuuliza kama mimi nakula.

Nilikuwa nimemwagiza Restuta asikutumie barua hii hadi Jumapili, fainali ikishapita. Nimebadili. Mwesiga hatangoja muziki wako. Pengine kesho mikono yako haitacheza, na hilo nalo nitakuwa nimelichukua mimi. Nimeandika nakala ya pili, nimeisaini kila ukurasa, na Restuta ataipeleka leo kituo cha polisi kwa bodaboda. Imetaja jina langu na imelisafisha la Cleophace kwa kadiri linavyosafishika. Wakija kunichukua watanikuta kitandani.

Restuta amesoma. Mara hii sikuweza kumzuia. Ukurasa wa kwanza ulikuwa bado haujakauka. Aliketi chini penye mkeka, kisha akasema, "Mzee, ulimdhania mwizi. Siku zile nani asingepiga enduru? Ni kosa, lakini ni kosa la mtu yeyote." Ni maneno ya huruma. Nimeyageuza moyoni tangu asubuhi. Mtu anaweza kufa nayo vizuri. Watu wangeyakubali kaburini, polisi wangeyakubali, na wewe pia, polepole, ungeyakubali. Ndiyo maana nimeomba karatasi nyingine.

Futa jina langu kwenye kile kijitabu. Kama kimekwisha kuchapwa, waambie wakutafutie kalamu. Waandike Lameck Ainebyona, wa Mabira. Mwaka nilikupa sawa.

Rula ile ilikuwa kwa ajili yake, si kwa ajili yako. Nililiandika zoezi lile kwenye karatasi ya mistari baada ya maziko, kwa kumbukumbu, nikalinyoosha ili lisifanane na enanga, nikajiambia ni kitu changu. Miaka mitatu baadaye nikakupa wewe. Ulikuwa na miaka saba, hukuwahi kulisikia kwa mtu mwingine yeyote, na mkono wako ukayumba pale pale ulipokuwa ukiyumba mkono wake. Nikakuchapa. Kila ulipoyumba nilimsikia yeye, nikakuchapa.

Cleophace alikata kabla hajamwona uso. Mimi sikuhitaji uso.

Zoezi lile nililisikia kwa baba yako siku moja tu, Alhamisi ile, nikiwa nimesimama kwenye migomba na baiskeli yangu. Alilipiga mara tatu, na mara ya tatu lilikuwa zuri kuliko chochote nilichowahi kupiga kwenye kinanda kile. Nilisikiliza hadi mwisho, nikijua ni Lameck, nikijua nimeandika nini kwenye daftari la mkutano. Alipoanza mara ya nne, nikapiga enduru.

Melkiory Rwegasira